Ijumaa za Wakesho

Wakesho alitoka Taita akaja Sur, mji wa pwani huko Uarabuni, mtaa wa Aija, kumtunza Bi Turkiya, ajuza mzaliwa wa Unguja. Pasi yake ya kusafiria ilikaa kabatini mwa Rawya, binti wa yule bibi. Ruhusa ya kutoka ilikuwa moja tu: Ijumaa, baada ya chakula cha mchana hadi magharibi.

Saa hizo alivuka daraja hadi kwa Nashon, fundi wa viyoyozi kutoka Kisumu. Sebuleni kwake Wakristo kumi na mmoja walisali madirisha yamefungwa, wakiimba chinichini majirani wasisikie. Wakesho ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Ijumaa moja Nashon hakufungua Biblia. Alishika simu.

"Dada, mchungaji wako wa nyumbani ameniandikia. Anasema ulitolewa kwenye kwaya kwa sababu ulikuwa na mpenzi mwanamke. Anataka nasi tukutoe. Nimeona nikuambie mbele ya wote, usije ukasengenywa."

Wakesho aliutazama mlango. Angeweza kukana.

"Ni kweli," alisema. "Tuliishi pamoja miaka minne. Bado nampenda."

Damaris, aliyefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Turkiya, alichukua mkoba wake akatoka. Wengine walibaki. Mke wa Nashon akaumega mkate, akaanza na Wakesho.

"Kula, dada. Halafu utuanzishie wimbo."

Aliimba huku analia. Lakini njiani kurudi alimuwaza Damaris. Neno moja tu likimfikia Rawya, yamekwisha. Tangu siku hiyo simu ya Rawya ikilia, Wakesho alitega sikio.

"Mwanangu, mbona huli?" Bi Turkiya alimuuliza. "Una nini? Nambie."

Hakuna aliyemsemesha kwa upole kama bibi huyu, na hata yeye hakuweza kumwambia.

"Sina kitu, bibi. Joto tu."

Wiki ya tatu Bi Turkiya alianguka bafuni. Rawya akasema, "Khalas, basi, Ijumaa hutoki tena. Mama haachwi peke yake."

Je, ni kuanguka kule, au Damaris amesema? Wakesho hakuthubutu kuuliza; alimwandikia Nashon tu kwamba bibi ameanguka na yeye hatoki tena.

Ijumaa iliyofuata kengele ya lango ililia. Mke wa Nashon alisimama nje na wenzake wawili, wamejitanda mitandio, na bakuli la mandazi mkononi.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kukujulia hali."

"Marahaba! Karibuni, karibuni!" Bi Turkiya alifurahi kupata watu wa kusema nao Kiswahili. "Wakesho, nani zako hawa?"

"Jamaa zangu, bibi."

Walikunywa kahawa. Rawya aliketi nao, macho hayatoki kwao. Wakesho alipokwenda jikoni kuosha vikombe, mke wa Nashon alimfuata. Walifungua bomba, wakashikana mikono, wakaomba bila sauti.

"Tutakuja tena Ijumaa ijayo," alinong'ona mke wa Nashon.

"Na Damaris?"

"Hajarudi. Hapokei simu."

Kutoka sebuleni Rawya aliita, "Wakesho! Mnafanya nini huko?"

"Naja, madamu," alijibu, akafunga bomba.