Chura Aliyeitiwa Pasta Kiamunyi

Leo jirani yangu ameita pasta aje akemee chura.

Ndiyo. Chura.

Mama Shiro alimpata mlangoni pake asubuhi, akapiga nduru: “Huyu ametumwa!” Halafu akaniangalia mimi.

Pasta akaja na mafuta ya upako, akammwagia. Chura anapumua na ngozi, jameni! Maskini akaruka, akatua kwa kiatu cha pasta.

Mtumishi wa Mungu akatoka mbio, akafika kwa geti kabla ya amina.

Nikamwuliza Mama Shiro: “Hapa ulipojenga si palikuwa na kidimbwi, ukakijaza mawe?”



Mvua ilinyesha jana. Chura amerudi kutaga mayai pale alipozaliwa, akakuta sakafu ya taili.

Huyo hajatumwa, Mama Shiro. Huyo amekuja kwao. Wewe ndiye hatujui ulitumwa na nani.