Nilijifanya mlinzi wa dada yangu mjane, kumbe mbeba bakuli nilikuwa mie mwenyewe

Wakuu, kwema humu?

Wale mnaokaa mlangoni na vikombe mkisubiri kuuliza kama hii ni chai, leo mtakunywa maji. Jiko lenyewe sijui kuliwasha. Haya ni ya kweli, yamenikuta mie, hapahapa Mji Mkongwe, na wahusika wote wako hai isipokuwa mmoja.

Tuanze na huyo mmoja.

Haji alikuwa mume wa dada yangu Salma. Wazee wetu walitutoka mapema, dada akanilea, na alipoolewa nikaenda naye kama begi. Kuna wanaume wakioa wanataka mke, begi hawalitaki. Haji alichukua vyote viwili bila kununa. Akanisomesha mpaka nilipoona mie na skuli hatupatani, na hata hapo hakunitimua. Akaninunulia bisibisi ndogondogo, nikawa naangalia video mtandaoni na kuua simu za watu mpaka nikajua kuzifufua. Leo nna kimeza changu Darajani.

Aliugua muda mfupi tu, akaondoka.

Sasa mie ni mtu wa hasira. Sijisifu, nawapa taarifa. Na mtu nikishampenda, nampenda hata akiwa hayupo. Kwa hiyo dada alipomaliza eda nikajipa cheo cha mlinzi. Hakuna aliyeniteua, mshahara hakuna, lakini kazi niliichapa kuliko hao wanaolipwa.

Mchumba wa kwanza alikuwa na wake wawili tayari, anaeleza zamu zake kama boti za Dar. Nikamuuliza dada yangu atapanda ya asubuhi au ya mchana. Akaondoka kavimba.

Wa pili hata hali ya mjane hajaulizia, kauliza nyumba hii iko kwa jina la nani. Huyo nilimsindikiza mpaka nje ya mtaa kwa maneno ambayo nikiyaandika hapa mods watanipiga ban mie na ukoo wangu.

Dada hakuniuliza kitu. Alikuwa anakaa, anashona, anapika, ukimwita anaitika "naam". Mie nikaona mambo sawa. Hacheki, halii, anaitika, basi kapona. Fundi simu huyo, wakuu. Taa ikiwaka nasema simu nzima.

Ramadhani ikaingia.

Mkabala na sisi, ng'ambo ya kichochoro, anakaa Bi Kidawa na mwanawe Khatib. Khatib mtu mzima, anaendesha basi la skuli moja huko Chukwani. Mkewe alifariki kwa maradhi ya figo, kabla hata ya Haji. Mtu kimya. Kwangu alikuwa kama dirisha la jirani, unaliona kila siku na hulitazami.

Dada akaanza kumpelekea Bi Kidawa futari. Nani atakataa? Bibi mzee, jirani, mwezi mtukufu. Mbebaji nani? Mie. Natoka Darajani nimechoka, nashikishwa bakuli. Na mnajua kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo nikifika kule nashikishwa tena. Tende. Ndizi. Sukari kwenye mfuko.

Hapa sasa naomba mniambie nyie mngeona nini, maana mie ushahidi nilikuwa nao mkononi, tena wa moto.

Mwanzo zilikuwa tambi na uji. Sawa, chakula cha mzee. Ramadhani ikaisha, Sikukuu ikapita, bakuli likaendelea kwenda. Dada akasema Bi Kidawa kashazoea. Sawa.

Kisha akaanza kupelekewa pweza wa nazi.

Wakuu. Bi Kidawa hana jino. Sisemi yamepungua, hana hata moja. Na mie kijana mwenye akili zangu timamu nikambebea pweza, na si mara moja. Njiani mawazo yangu yote ni mchuzi usinimwagikie kanzu.

Wacha hiyo. Siku moja kule nikapewa visheti. Nikauma kimoja njiani, nikahisi nimeuma kokoto. Nikasema masikini Bi Kidawa, uzee umefika mpaka kwenye unga. Nikamfikishia dada, nikaingia chumbani. Mara namsikia jikoni anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Nikajua anatazama vichekesho kwenye simu, nikafurahi kwamba bando langu linatumika vizuri.

Haikunijia kabisa kwamba tangu Haji aondoke sijamsikia mtu huyo akicheka.

Na hii ya mwisho ndo inaniuma mpaka leo. Haji alikuwa na bakuli lake la chuma, lina waridi jekundu ubavuni, rangi imebanduka ukingoni. Alikuwa halii chakula kwengine. Alipoondoka likawekwa juu ya kabati, hakuna aliyeligusa. Siku moja nashikishwa chakula cha kupeleka kwa Bi Kidawa, natazama, bakuli ndo lile.

Dada akasema niangalie nisiliangushe.

Nikasema sawa. Nikalishika kwa mikono miwili na adabu zote, nikalifikisha kwa Khatib.

Wiki hiyohiyo wakaja wazee na posa.

Ami yangu Mbarouk, mdogo wake baba, alikuja kutoka Kiwengwa kwa ajili yao, na mie sijaambiwa wanamposea nani. Wakazungumza weee, mvua, bei ya samaki, mpaka mmoja akasema wameletwa na Khatib bin fulani. Nikauliza Khatib gani. Wakanionyesha dirisha.

Nikasema haiwezekani. Ami akanikanyaga mguu chini ya meza, akawaambia wale wazee kwamba tutauliza kwanza, kisha watapata jibu. Ndo desturi, mtu akiposa mnakwenda kuuliza habari zake anakosali, anakokaa, anakofanya kazi. Nikajitolea kuuliza mie. Ami alidhani nimepoa.

Nimepoa wapi. Nilikuwa natafuta uchafu.

Nikafunga kimeza changu nikaenda mpaka Chukwani. Mlinzi wa ile skuli akanieleza kwamba Khatib hapendwi na walimu, nikakaa vizuri kusikiliza. Hapendwi kwa sababu anachelewesha basi. Siku moja kaligeuza njia nzima kwa sababu kuna mtoto kasahau kiatu kimoja. Wenzake wanapiga honi, yeye kasimama anasubiri mtoto avae.

Hiyo ndo kashfa niliyopata. Kiatu.

Msikitini wakasema mtu wa safu ya mbele. Barazani kwao wakasema ana tabia mbaya moja, akifungwa karata ananuna, anarudi kesho yake. Hata mie nanuna, na mie kesho yake sirudi.

Nikampigia Ami kumwambia nimekataa hivyohivyo. Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akanikumbusha kwamba baba hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wa kumwozesha Salma ni mie kaka mtu, bila mkono wangu nikaha haifungwi hapa nyumbani. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa anajisemea mwenyewe, na walii akizuia bila sababu kadhi anamwozesha na walii anabaki kuwa kichekesho cha mtaa. Akaniuliza kama nna sababu.

Nikenda kwa dada. Yuko na sinia ya mchele anachagua.

"Na Haji je?" nikamwambia.

"Haji kafanya nini?"

"Ndo unamsahau hivyo?"

Hakunyanyua uso. Akatoa jiwe moja kwenye mchele akaliweka pembeni.

"Seif, siku ile tulizika mtu mmoja. Au wewe ulihesabu wawili?"

Wakuu, mie ni mtu wa kujibu. Mnanijua humu.

Nikageuza mada kama muoga mwengine yeyote, nikamuuliza yeye na Khatib walianza lini kusemeshana nyuma ya mgongo wangu. Akasema hawajawahi. Simu hajampigia hata siku moja, namba yake hana.

"Sasa mmejuana vipi?"

"Tulikuwa tunapelekeana chakula."

"Nani alikuwa anapeleka?"

Akanitazama. Alinitazama tu, sinia mapajani.

Hapo ndo pweza wote walinirudi kichwani, mmoja mmoja, na mikono yao. Mie niliyefukuza watu mtaani, mie mwenye cheo, nimebeba uchumba mzima kwa mikono yangu na kurudisha majibu.

Kitu pekee nilichopata kusema: "Na vile visheti?"

"Alikaanga mwenyewe," dada akasema. Kisha akaanza kucheka. Kilekile kicheko cha jikoni, mpaka anakohoa, mchele unamwagika.

Nilisimama pale nikakisikiliza. Nikampigia Ami, nikamwambia awaite wale wazee.

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri. Nimekaa mbele ya Khatib nimemshika mkono, sheikh ananipa maneno niyaseme, nimekuozesha dada yangu. Nikafika kwenye "nimeku", sauti ikakata. Sheikh akarudia. Ikakata tena. Watu wanakohoa nyuma. Mie kichwani namuona Haji na bisibisi zake.

Khatib akaniinamia akaniambia taratibu, "Sema tu, hatuna haraka."

Na kweli hakuwa nayo. Alinisubiri kama yule mtoto wa kiatu.

Nikasema.

Funzo ninalo, japo halinipendezi. Mjane si nyumba ya makumbusho, na mie nilikuwa nimekaa mlangoni nakagua tiketi. Haji sijamsahau na dada hajamsahau. Aliyetaka kumtumia Haji kama kufuli ni mie, na yeye hakuwa mtu wa kufunga watu ndani. Angekuwa hai angenicheka kwa wale pweza mpaka leo.

Sasa dada kahamia ng'ambo ya kichochoro. Alitaka nihamie nao, nikamwambia begi limeshakuwa zito. Nimebaki huku peke yangu na jiko nisilolijua.

Leo mchana mlango ukagongwa. Khatib mwenyewe, kabeba bakuli la waridi, ndani pweza wa nazi. Nikamwambia ahsante shemeji. Hilo neno nilikuwa sijampa mtu tangu Haji.

Nimekula, nimeliosha, liko mezani hapa mbele yangu. Tupu.

Ndo maana nimefungua huu uzi. Kulirudisha hivi siwezi, na msinambie ninunue kitu Darajani, maana mwenzangu alikaanga mwenyewe. Unga nimeupata, mafuta nimeyapata. Anayejua kupika visheti aweke maelekezo hapo chini, ataje na moto unakuwa wa kiasi gani. Wa kunicheka pia karibuni, leo sigombani na mtu.

Vikitoka vigumu poa tu. Madirisha yanatazamana, dada akicheka nitasikia.