Mwaka Bwawa Lilipojaa

Enzi zetu, sisi tuliokulia chini ya lile tuta upande wa Buigiri, bwawa ndilo lililotulea. Wazee walisema lilichimbwa ili mafuriko yasisombe mashamba na nyumba. Sisi tulilijua kwa kunywesha ng'ombe, kufua sare za shule na kuogelea mpaka macho yawe mekundu. Mitumba ndiyo kwanza ilianza kujaa mnadani, nami nilikuwa na sweta lenye picha ya theluji, nikilivaa kwa fahari kwenye jua la Ugogo. Wanangu leo wakiona tope kidogo wanauliza kama hakuna njia nyingine.

Baba na kaka yake, Baba Mkubwa Ndahani, walikuwa hawasalimiani. Waligombana juu ya ng'ombe wa mahari ya shangazi, na tangu hapo kila mmoja akawa na saa yake ya kunywesha mifugo. Sisi watoto tulimwamkia baba mkubwa "shikamoo" kwa sauti ndogo, huku tukimtazama baba kwa pembeni.

Ndipo ikaja ile mvua. Ilinyesha mpaka maji yakakaribia juu ya tuta, na mchana mmoja udongo ukaanza kumeguka. Majirani wakahama mbio, wakiswaga mbuzi. Baba alikuwa hoi kitandani kwa malaria, mama ana kichanga. Tukasikia magurudumu nje. Baba Mkubwa alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa, mkokoteni wake wa ng'ombe nyuma yake.

"Tutagombana maji yakipungua," alisema. "Sasa nipe mkono, mdogo wangu."

Baba akanyoosha mkono. Akabebwa mgongoni kama mtoto, uso ameuficha begani kwa kaka yake.

Tuta halikubomoka. Hata hivyo tulikaa kwa baba mkubwa mpaka matope yakakauka, tukila ugali wa uwele na mlenda kwenye sinia moja. Baba alipopona, nilimsikia akicheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Habari ya mahari hakuna aliyeigusa tena.

Siku hizi naishi mjini, Miyuji, nyumba ina geti, na ndugu zangu wako mtaa wa pili tu. Mvua ikizidi, simu inalia kwenye kundi la familia: "Poleni na mvua jamani." Tunajibu, "Ahsanteni." Kisha kila mtu anafunga madirisha yake.