Gari langu linacheua

Ndugu zangu, leo nimerudi nyumbani Nyamwaga nikakuta gari langu linacheua.

Sitanii.

Mnakijua kile kigari changu chekundu cha zamani, viti viwili, silinda nne, paa la turubai. Hakina mbio za kutisha. Ila kwenye lami ya Sirari, ukikata kona na gia ya tatu, injini inaimba mpaka unasahau shida zako zote.

Nilimwachia kaka ufunguo, nikaenda semina Musoma.

Leo pale kinapolala wamesimama ng'ombe.

"Kaka, gari liko wapi?"

"Si hao hapo! Nimebadilishana na mtu wa Kerende. Mura, mdogo wangu, lile gari halibebi hata gunia la mahindi. Sasa mahari unayo, utaoa."

Mama akapiga vigelegele. Majirani wakanipa mkono, eti hatimaye nimekuwa mtu. (Kumbe siku zote nilikuwa nini?)

Nikampigia yule wa Kerende, nikamwomba turudishiane. Akacheka. Ameshalikata nyuma, linabeba mawe ya dhahabu.

Ufunguo wa akiba bado ninao mfukoni, na nyumba nzima inasubiri niseme asante.

Wewe ungesema?