Matundu Matundu

Gaston Netter alikuwa fundi bomba wa mtaa wa Neudorf, Strasbourg, na anayetaka kuongeza neno "tu" hapo aende kwanza akaishi siku mbili na choo kilichofurika, kisha arudi tuzungumze. Miaka arobaini na moja alipanda ngazi za nyumba zetu na kisanduku chake cha spana. Nyumba ipi ina bomba lililooza, ipi ina mwenyewe mkorofi, yote aliyajua na hakuyasimulia. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe vijijini, kama Wayahudi wengi wa jimbo letu la Alsace wa enzi zile, mtu wa maneno mengi. Mwana alimwachia baba maneno, yeye akachukua kazi.

Dua aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo watu wenye haya huitaja kwa sauti ya chini. Ni dua ya kutoka chooni. Myahudi akitoka msalani hunawa mikono, akasimama nje ya mlango, akamshukuru Mungu aliyemuumba binadamu kwa hekima na kutia ndani yake matundu matundu na mashimo mashimo. Kwamba likifunguka moja, au likiziba moja, mtu hawezi kusimama mbele zake hata saa moja. Mama yake Gaston aliibandika ukutani kando ya mlango wa choo, na mtoto akaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini aliielewa aliposhika spana.

"Hii imeandikwa na fundi bomba," alikuwa akimwambia mkewe, Huguette. "Marabi waliongeza amina."

"Ungekuwa mwokaji ungesema Mungu ana tanuri," Huguette alimjibu.

Mtu wa pili aliyeijua dua hiyo ni Driss Bouazza, mshirika wake wa kazi. Driss alitoka Morocco akiwa kijana, akamkuta Gaston akihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa bomba, na upande huo akaushika miaka ishirini na mbili. Siku moja mwanzoni mwa ushirika wao walikwenda kuzibua choo cha Bibi Schaeffer. Gaston alipomaliza alitoka, akanawa mikono, akasimama kando ya mlango, na mazoea yakamshinda: akaanza dua. Alipofika katikati ndipo alipokumbuka kwamba hakwenda kujisaidia, alikwenda kazini. Kwa Wayahudi kutaja jina la Mungu kwa baraka isiyo na sababu ni kosa, nao wana maneno yao ya kulifuta. Gaston akajipiga kipaji cha uso, akayasema maneno hayo haraka haraka, uso mwekundu.

"Umepatwa na nini, mzee?" Driss akauliza.

Ikabidi aeleze. Driss akacheka mpaka akakaa juu ya kisanduku.

"Yaani umemshukuru Mungu kwa tumbo la Bibi Schaeffer!"

"Cheka. Nyinyi mkitoka mnasema nini?"

"Sisi tunaomba msamaha."

"Mnaomba msamaha? Mmekosa nini humo ndani?"

Hapo Driss akaacha kucheka, akafikiri. Akasema bibi yake alimfundisha kwamba mtu huomba msamaha kwa sababu neema aliyopewa ni kubwa na shukrani yake ni ndogo. Tangu siku hiyo, Gaston akitoka msalani Driss alikuwa akimuuliza, "Umeshukuru?" na Driss akitoka aliulizwa, "Umetubu?" Wateja wao waliwaona kama vichaa wawili, lakini vichaa wanaofanya kazi safi.

Sasa nitasema jambo ambalo Gaston hakulisema. Miaka tisa iliyopita madaktari walimkuta na saratani ya utumbo. Walimkata, wakamponya, lakini njia ya kawaida haikubaki. Walimtoboa tundu ubavuni, na kwenye tundu hilo wakambandika mfuko. Alikuwa nje ya kazi miezi mitatu. Driss aliambiwa ni mgongo. Huguette alipinga, akasema rafiki hafichwi jambo kama hilo, ila Gaston alikuwa na kiburi chake cha fundi: aliyezibua mtaa mzima hakutaka ijulikane kwamba bomba lake mwenyewe limehamishwa. Driss, kwa ajili ya huo mgongo, akabeba mashine zote nzito peke yake miaka iliyofuata. Aibu hiyo Gaston alitembea nayo, na kila mwaka ilizidi kuwa ngumu kuitoa.

Kisha kipupwe kilichopita, ugonjwa uleule ukamshukia Driss. Upasuaji uleule, tundu lilelile, mfuko uleule. Tofauti ni kwamba Driss hakuficha, alizima kama taa. Aliacha kazi, akaacha mkahawa, na kilichomtisha zaidi mkewe Malika, akaacha kuswali. Mtu ambaye alikuwa akitandaza mkeka kati ya mabomba ya chini ya nyumba hakugusa tena maji ya udhu. Gaston alikwenda kumtazama kila Jumapili, akamkuta amekaa dirishani.

"Mwenzako ni najisi saa ishirini na nne," Driss alimwambia siku moja. "Nisimame mbele ya Mungu na kinyesi kimening'inia ubavuni?"

"Imamu wako anasemaje?"

"Imamu alikuja. Anasema inaruhusiwa, mwenye udhuru ana nafuu yake, amenisomea na kitabu. Imamu ana kitabu, Gaston. Hana mfuko."

Gaston akamalizia kikombe chake. Akasema kahawa ni nzuri, akaondoka. Ngazi zile za Driss alizishuka akijichukia, na alikuwa na haki ya kujichukia. Nampenda Gaston, lakini siku hiyo alikuwa mwoga.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, parokia ya Kiprotestanti ya mtaani hufanya mkutano wa dua mchana. Kila dini huleta mtu mmoja, na mtu huyo husema dua moja anayoipenda na kueleza maana yake, kisha watu hula keki. Upande wa Wayahudi kwa kawaida alikwenda rabi. Mwaka huo rabi alikuwa akimwoza binti yake Marseille, akampigia simu Gaston amshikie nafasi.

"Ukaseme ile 'Sikia, Israeli'," Huguette akamwagiza akimfunga tai. "Fupi, tukufu, kila mtu ameisikia. Na ile ya chooni usiitaje, nakuomba. Yule mchungaji ni mtu wa watu."

"Watu wa watu hawaendi chooni?"

"Gaston."

Akakubali. Akaiandika "Sikia, Israeli" kwenye karatasi na maelezo yake, akaitia mfukoni.

Ukumbi ulikuwa na watu kama hamsini. Mchungaji Edith Klopp, mama mrefu mwenye sauti ya kuongozea kwaya, aliwakaribisha. Mzee mmoja Mkatoliki alisema dua ya kuomba utulivu wa moyo, akaieleza mpaka utulivu wenyewe ukawatoka watu. Malika akasoma sura ya kwanza ya Kurani, akaieleza vizuri, kwa machozi kidogo. Gaston akiwa anamsikiliza Malika ndipo alipomwona Driss. Mkewe alikuwa amefaulu kumvuta mpaka pale. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, na joto lote lile alikuwa amevaa koti zito, mkono mmoja umelalia ubavu kama anayezuia mfuko wa duka usipasuke. Gaston alilijua koti hilo. Mwaka wa kwanza wa mfuko wake naye alivaa la namna hiyo.

Jina lake likaitwa. Akasimama mbele, akatoa karatasi, akaitazama, akairudisha mfukoni. Huguette akafumba macho.

"Mimi ni fundi bomba," Gaston akaanza, "kwa hiyo nimewaletea dua ya chooni."

Watu wakacheka, na Mchungaji Klopp akawa wa kwanza. Gaston akaisema kwa Kiebrania, kisha kwa lugha ya wote. Akaeleza kwamba mababu hawakuona haya kumtaja Mungu na utumbo katika sentensi moja, kwani aliyeumba kimoja ndiye aliyeumba kingine. Akasema anajua kinachotokea bomba moja likiziba katika nyumba ya ghorofa tano: hakuna anayesoma gazeti, hakuna anayemkumbuka mpenzi wake, jengo zima linawaza bomba. Watu wakacheka tena. Kumbe wanampenda. Angeweza kukaa hapo, akapigiwa makofi, akala keki.

Yule mzee Mkatoliki, ambaye hapendi kuacha jambo bila kulipekua, akainua mkono.

"Bwana Netter, mbona maneno yanarudiwa? Matundu matundu, mashimo mashimo. Si lingetosha moja?"

Wenye elimu wana majibu yao kuhusu hilo, na Gaston aliyajua mawili matatu. Hakuyasema. Alimtazama mtu wa kiti cha mwisho.

"Wenye elimu watakujibu vingine, bwana. Mimi nitakujibu kwa mwili wangu. Matundu ya kwanza ni yale tuliyozaliwa nayo. Matundu ya pili ni yale tuliyotobolewa." Akaweka kiganja ubavuni, juu ya shati. "Mimi nina la pili. Mwaka wa tisa sasa. Hapa pana mfuko."

Gaston hakuwa mzungumzaji, lakini aliendelea.

"Nilipotoka hospitali niliacha kuisema dua hii. Miezi saba. Niliona hainihusu tena, mimi siendi chooni kama watu, nitashukuru kwa lipi? Nikaona niwe mbali na Mungu mpaka nisahaulike. Halafu asubuhi moja nikaamka mfuko mtupu. Kutwa mtupu. Siku ya pili mtupu. Tumbo limekuwa ngoma, natapika, Huguette ananishika kichwa. Jioni, kabla gari la hospitali halijafika, mfuko ukajaa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na mke wangu aliyekaa pale shahidi. Nikanawa mikono, nikasimama mlangoni, nikaisema yote. Tangu hapo sijaiacha. Imeandikwa likiziba moja huwezi kusimama mbele zake. Haikuandikwa ni lipi. Hilo la ubavuni nalo analiona ni tundu lake. Ndiyo maana yake. Nimemaliza."

Kabla makofi hayajaanza, kiti cha mwisho kikakwaruza sakafu. Driss alikuwa amesimama, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Amemwaibisha mgonjwa mbele ya watu hamsini, Gaston alijiambia, na amejifichua kuwa mwongo wa miaka tisa, yote kwa pigo moja. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu. Driss alikuwa kwenye ujia wa nje, ameegemea ukuta, uso umemkaza.

"Mgongo," Driss akasema.

"Driss, ndugu yangu..."

"Miaka tisa. Mgongo. Ile mashine ya kuzibulia ina kilo thelathini na tano, Gaston. Nimeipandisha ghorofa ya tano peke yangu, miaka tisa, nakuambia 'pole mzee, usijitoneshe mgongo'. Unaitikia asante!"

"Niliona haya."

"Kwangu? Mimi ambaye nimetia mkono katika kila choo cha mji huu?"

"Ndiyo hasa kwako."

Hasira haikumwisha Driss, lakini ilikuwa hasira ya mtu mzima, ile ya zamani, ya mtu aliyeangushiwa spana mguuni. Gaston alikuwa hajaisikia tangu kipupwe, na akaipokea kama zawadi.

"Na Jumapili zile zote," Driss akaendelea, "unakaa kwangu, unakunywa kahawa, unaniona nakufa. Unanyamaza."

"Nilinyamaza. Kwa hilo sina la kusema. Nisamehe."

Ndani, Mchungaji Klopp alikuwa akiwatangazia watu kwamba keki iko tayari, na viti vilianza kusogea. Driss akashusha sauti.

"Ukiwa unasali, ikitokea... kikatoka katikati ya sala. Unafanyaje?"

"Naendelea."

"Unaendelea tu?"

"Mwili haujamaliza kazi, na mimi sijamaliza. Kila mmoja anaendelea na yake."

Driss akatikisa kichwa polepole. Akapangusa uso kwa mkono mzima, toka kipaji mpaka kidevu, akatazama saa ya ukutani.

"Wakati wa sala ya adhuhuri haujatoka bado," akasema. "Maji humu yako wapi?"

Gaston akamwonyesha mlango wa msalani, mwisho wa ujia. Driss akaingia, na kitasa kikageuka. Gaston akasimama mbele ya mlango na mikono nyuma. Watu wakaanza kuja, wanawake wawili wa kwaya, kisha yule mzee Mkatoliki aliyekunywa chai nyingi, na kila mmoja alimwambia kwa uso wa kikazi kwamba choo kimeziba, watumie cha ghorofani. Yeye, fundi wa miaka arobaini na moja, ambaye hakuwahi kumdanganya mteja.

Mwishowe akaja Mchungaji Klopp mwenyewe.

"Kimeziba?" akauliza. Nyuma ya mlango maji yalisikika yakitiririka, yakanyamaza, yakatiririka tena, kama ya mtu anayenawa taratibu asiruke kiungo. "Mbona nasikia maji?"

"Ndiyo kinazibuka, mama mchungaji," Gaston akasema, macho yamemjaa machozi. "Kipe muda."