Chumvi na Sukari Mlangoni

Enzi zile za utoto wetu mtaani Cibitoke, kabla kila mtoto hajapewa simu, tulikuwa na mchezo ambao sijauona kwingine. Ulitoka darasani. Madamu wetu wa shule ya msingi alitufundisha kuwa mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana, na kila seli ina ngozi nyembamba yenye milango. Milango hiyo ni protini, na haimfungulii kila anayebisha. Kwenye utumbo kuna mmoja unaopitisha chumvi ikiwa pamoja na sukari tu. Zikishaingia, maji huzifuata.

"Hata mutu akiharisha, mulango ule unaendelea na kazi," alisema.

Jioni tuliucheza nyuma ya karakana ya seremala, miguu imejaa vumbi la mbao. Wengine walishikana mikono wakawa ngozi. Mimi nilikuwa mlango, maana nilikuwa na haya na mlango hauna maneno mengi. Chumvi ikija kubisha, niliiuliza:

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu!"

"Rudi!"

Rafiki yangu Egide, mwenye mdomo, alipenda kuwa Chumvi. "Ongea kwa nguvu, we mulango bubu!" alinicheka. Ila alipokuja ameshikana mkono na Sukari niligeuka, nikawaingiza wote wawili, na kundi la Maji likatuvamia kwa nyuma, tukaanguka kwa kicheko.

Kisha mdogo wangu Divine akaharisha. Asubuhi alilia sana. Kufikia adhuhuri alilia bila machozi, macho yamezama. Mama alikimbia kutoka sokoni akiwa bado ananuka ndagala, vile visamaki vidogo alivyokuwa akiuza, akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi. Kopo la sukari hakuligusa.

"Mama, na sukari," nilisema.

"Apana. Sukari itamuongezea minyoo."

Niliona kijiko kikielekea mdomoni mwa Divine. Nikakishika.

"Chumvi peke yake haipiti, Mama! Lazima ishikane na sukari, ndiyo maji yafuate!"

Mama alinitazama kama aliyesikia meza ikiongea. "Nani alikuambia?"

"Madamu. Na mi ndiye mulango!"

Sijui ni lipi lililomshinda, lakini alifungua kopo. Tulipima kama Madamu alivyotuonyesha, tukamnywesha Divine kijiko kwa kijiko njia nzima hadi kituo cha afya. Muuguzi alionja yale maji yetu, akasema, "Muendelee hivyo hivyo." Jioni Divine alilia tena, safari hii machozi yakimtiririka mashavuni. Mama naye akalia.

Leo watoto wa pale kwetu hukaa ukutani kila mmoja na simu yake, kimya, na hiyo wanaiita kucheza. Hakuna wa kushikana naye mikono. Seremala alihama, vumbi la mbao halipo tena. Divine amenipita urefu. Akirudi nyumbani akabisha, namuuliza nikiwa ndani:

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, we nawe! Fungua!"

Ningepaswa kumwambia arudi. Namfungulia.