Moja ya Heshima

Mpimaji wa maabara ya zahanati yetu tulimwita Jicho, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameinamia darubini ileile, mpaka mgongo ukapinda na jicho la kushoto likazoea kufumba hata anapokula. Watu walidamka, wakavuka mto kwa miguu na kuipita zahanati nyingine njiani, ili damu yao ikaangaliwe na Jicho. "Huyu hakosi," walisema. Na kweli hakukosa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu.

Mimi ni nesi. Chumba changu cha sindano na maabara yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: Jicho alikuwa mwongo. Tena mwongo mwenye moyo mzuri, na hao ndio wanaochosha zaidi, kwa sababu huwezi hata kuwachukia ukastarehe.

Ilikuwa hivi. Mtu anakuja na homa. Vipimo vya haraka vimeisha, kama kawaida yetu. Jicho anamtoboa kidole, anapaka tone la damu kwenye kioo, anatia rangi, anakianika dirishani, kisha anainama kutafuta vijidudu vya malaria. Anatafuta weee, haoni kitu. Huko nje kwenye benchi kuna bibi aliyetembea mwendo wa saa nne na homa yake kichwani. Umwambie hana kitu? Kwetu kumwambia mgonjwa hana kitu ni sawa na kumwambia anadeka. Basi Jicho anaandika kijidudu kimoja. Mwenyewe aliiita "moja ya heshima." Bibi anapewa dawa ya malaria, anashukuru, anakwenda zake. Nilijua mchezo huo nikanyamaza, maana mgonjwa aliyeridhika hagombani na nesi. Asiyejua alikuwa daktari wetu peke yake, kijana aliyetoka chuoni mwaka juzi, ambaye aliamini kila kilichoandikwa kwenye lile daftari kubwa la majibu.

Mwaka huo mvua zilipoanza, homa ikatuvamia. Watu walilalamika kwamba viungo vinauma mpaka kushika kikombe ni kazi, na macho yanauma kwa ndani. Ukutani kwa daktari kulikuwa na barua kutoka hospitali kubwa. Ilisema kuna homa ya dengue, inaletwa na virusi, na wanaoieneza ni mbu wanaouma mchana. Mgonjwa wa homa ambaye kioo chake ni safi asichomwe sindano ya maumivu wala asipewe aspirini, maana anaweza kuvuja damu. Apewe parasetamoli na maji mengi, na damu yake ipelekwe hospitali ikapimwe. Daktari aliisoma barua hiyo, akaibandika, akakaa kusubiri kioo safi. Mimi na Jicho tuliisoma pia, tukaendelea na mazoea yetu. Wiki mbili zikapita, kioo safi hakuna.

Alhamisi asubuhi akaletwa mke wa Jicho, nyuma ya pikipiki, amefungwa kwa khanga asianguke. Huyu ni fundi cherehani, mama wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Siku hiyo hakuwa na neno hata moja. Homa ilikuwa siku ya tatu na vipele vimemtoka mikononi. Nilimlaza kitandani, Jicho akamtoboa kidole mwenyewe.

"Pole, mama," daktari alisema. "Ni hii hii malaria ya wenzako. Sista, andaa sindano ya maumivu apate kupumua wakati tunasubiri jibu."

Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Upande wa pili wa mbao nilisikia kigoda cha Jicho kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Alichelewa kuliko siku zote. Mwishowe akatoka na daftari kwapani.

"Ngapi, mzee?" daktari akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Wiki mbili hizi kila mwenye homa anayo, mkeo tu ndiye hana? Umechanganyikiwa, mzee wangu, na ni haki yako. Kaangalie tena. Sista, mchome."

"Sista, weka chini hiyo sindano!" Sijawahi kumsikia Jicho akipaza sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Akalifungua daftari mezani. "Nimeangalia mara tatu. Na hawa hapa pia hawakuwa nayo. Unaona kila penye moja yenye nukta pembeni? Hapo sikuona kitu. Niliandika tu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Uliandika tu?"

"Niliandika tu. Nukta niliweka kwa sababu roho ilinisuta."

"Tangu mvua zianze, nukta ngapi?"

"Kumi na tisa."

Nilitamani ardhi inimeze, maana wanane kati ya hao niliwachoma sindano ya maumivu kwa mkono wangu huu. Daktari alimtazama mgonjwa kitandani, akalifunga daftari. "Nitakufokea kesho," alisema. "Leo tufanye kazi."

Tukafanya kazi. Mama fundi alitundikiwa maji ya mshipa, akawekewa chandarua mchana kweupe ili mbu wasimuume na kuibeba homa yake kwa wengine, na damu yake ikaondoka kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu. Daktari na mimi tukagawana majina kumi na tisa, tukaanza kupiga hodi. Nyumba ya kwanza nilimkuta mwenye nukta yake anachanja kuni. Nyumba ya pili anagombana na jirani, afya tele. Kila mlango uliofunguliwa na mgonjwa mwenyewe ulinishusha pumzi. Mmoja tu, mchoma matofali, fizi zilikuwa zinavuja damu. Huyo tulimkimbiza hospitali, na baada ya wiki alirudi kwa miguu yake. Wote kumi na tisa tuliwakuta hai. Nilikaa chini kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho nikalia kwa furaha, mwenye nyumba akadhani nimefiwa.

Jumamosi homa ya mama fundi ilishuka, sisi tukataka kushangilia. Daktari akatukataza. Alisema dengue ina hila: homa inapoondoka ndipo hatari inapokuja, kwa hiyo siku mbili hizo macho yasibanduke. Nilipima presha mpaka mkono wake ukawa na alama. Niliangalia fizi, nikabonyeza tumbo, nikamnywesha kikombe baada ya kikombe.

"Mdogo wangu, mnataka nizame humu kitandani?" aliniuliza Jumapili jioni. Nikajua amerudi.

Jicho naye alikuwa amekwenda nyumbani kusafisha baraza la kushonea. Chini ya meza ya pasi alikuta makopo matano ya maji ya kunyunyizia nguo, yote yana viluwiluwi vya mbu vinacheza. Hapo hakuhitaji darubini. Aliyamwaga yote.

Jumatatu jibu likaja: dengue. Mgonjwa alikuwa amekaa, anachana nywele zake. Nilikuwa nampima joto Jicho alipoingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamsimulia yote, tangu moja ya kwanza aliyoiandika ujanani mpaka nukta ya kumi na tisa. Alilia waziwazi. Mkewe alimsikiliza bila kumkatiza, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo la ajabu.

"Nikuulize," alisema alipomaliza. "Ningekuwa mke wa mtu mwingine, ungeandika nini?"

Jicho aliinamisha kichwa.

"Moja."

Mkewe alinywa maji yaliyobaki, akampa kikombe mkononi, akamfuta machozi kwa pindo la khanga.

"Haya, inuka uende maabara," alimwambia. "Benchi limejaa wake za watu."